Mashine Saba

Folkert Ubben alikuwa na kazi mbili, moja ya mshahara na moja ya kumtoa roho. Ya mshahara ilikuwa kwenye bodi ya mitaro hapa mjini Leer, kuangalia pampu zinazosukuma maji ya mashambani yarudi mtoni, maana nchi yetu iko chini, na pampu zikilala siku mbili ng'ombe wanaanza kuogelea. Ile ya kumtoa roho hakuajiriwa na mtu. Alijiingiza mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, na akakaa humo miaka kumi na sita.

Alikuwa mlezi katika Heide. Heide ni Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta, mojawapo ya zile zinazotengenezwa na watu wa kujitolea, kama tisini hivi, walimu, mafundi, wastaafu, kila mmoja na vifurushi vyake vya programu anavyovilea kama kuku wa nyumbani. Folkert alilea Falke. Falke ni lugha ya kuandikia programu, na ina matoleo mawili yasiyosikilizana: Falke ya Pili, ambayo ni ya zamani, na Falke ya Tatu. Programu nyingi zikiamka asubuhi zinaita tu "Falke!" bila kusema zinamtaka yupi. Sasa nani aitike? Hapo ndipo kilipokuwa kichaguzi cha Folkert. Ni kitu kidogo sana, kinasema: katika mashine hii, anayeitwa Falke ni huyu. Heide yenyewe ilikuwa imeweka ya Tatu iwe ya kawaida, lakini mwenye mashine akiipenda ya Pili, anaandika amri moja na kichaguzi kinageuka. Na kikishageuzwa kwa mkono wa mwenyewe, hakuna sasisho lolote litakalokigusa tena. Hilo Folkert alilisimamia kufa na kupona.

"Mashine ni ya mwenyewe," alikuwa akisema. "Sisi watumishi tu."

Unadhani alishukuriwa? Thubutu! Kichaguzi kikifanya kazi hakuna anayejua kwamba kipo. Kikikwama siku moja tu, barua pepe zinamiminika kutoka nchi ambazo hajawahi kukanyaga, watu wanamuuliza kama amelala au amekufa. Anajibu kwa adabu, anarekebisha, anarudi kwenye pampu zake.

Na yote hayo, tusidanganyane, alikuwa anamfanyia mtu mmoja.

Mdogo wake Onno alipoteza macho akiwa na miaka minne, kwa homa iliyopanda kichwani. Alipofika kumi na saba baba yao alimpeleka karakana ya vipofu ya Emden, akatengeneze burashi. Unapewa kibao chenye matundu, unapewa manyoya ya farasi, unachukua kishungi, unakikunja na waya, unakivuta tunduni. Kisha kingine. Kisha kingine. Onno alikaa hapo miaka kumi na miwili, na anasema hakuna hata siku moja aliyoamka akafurahi. Hakuwa na haja ya kusema. Mama yao alikuwa akimsikia anavyotapika bafuni kila Jumatatu kabla ya gari moshi.

Alijiokoa kwa vidole vyake mwenyewe. Alijifunza kupiga chapa, akaomba kazi ofisi ya wilaya, wakamchukua: anasikiliza sauti za wakubwa kwenye spika za masikioni, anaandika barua zao. Mwaka wa kwanza alikuwa ameshawapita waandishi wote kwa kasi, na alikuwa akiwasahihishia wakubwa lugha yao kimyakimya bila kuwaaibisha. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo, kwanza ofisini, baadaye nyumbani. Ukimkuta mtu huyu kazini, mgongo umenyooka, spika za masikioni zinanong'ona, utafikiri ni rubani.

Alichoandika alikisoma kwa kisomeo cha nukta nundu, kile kifaa kirefu kinachoinua vijipini chini ya vidole. Na kisomeo chake kiliongozwa na programu ya Menno Tammen wa Aurich, kipofu mwenzake, fundi haswa, aliyeiandika yote kwa Falke ya Pili halafu akafa kwa ugonjwa wa moyo bila kumwachia mtu maelezo. Programu nyingine hazikukijua kifaa kile. Kifaa kipya bima ilikataa mara mbili, ikisema hiki bado kizima. Folkert alijaribu kuihamishia Falke ya Tatu, majira matatu ya baridi, na kila mara herufi zile zenye vitone viwili kichwani, ambazo Kijerumani hakiendi bila hizo, zilitoka ovyo. Onno alipitisha vidole, akacheka.

"Kaka, hii ni barua ya wilaya au mtu kamwaga dengu?"

Basi ilibidi Falke ya Pili iendelee kuishi. Wenzake Heide wote waliitupa mkono, mmoja baada ya mwingine. Folkert akabaki peke yake, anaziba matundu ya usalama kwa mkono, kila mwezi, kwenye kitu ambacho waliokibuni walishakizika.

Walikaa nyumba moja, ya mama yao, Folkert juu, Onno chini. Jumamosi saa tisa mchana walikunywa chai kwa Onno, vikombe vitatu kila mtu, kama watu wote wenye heshima zao huku kwetu. Onno ndiye aliyemimina. Alisikiliza donge la sukari linavyopasuka chini ya chai ya moto, na kwa mlio wake tu alijua kikombe kimejaa.

Jumamosi moja ya Novemba Folkert aliteremka akajitupa kitini.

"Pampu gani imekufa?" akauliza Onno.

"Hakuna pampu."

"Basi nani? Maana umekaa kwenye kiti kama gunia."

"Gesche ameandika." Gesche Wolters wa Göttingen ndiye aliyekuwa msimamizi wa toleo jipya la Heide mwaka huo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi, mkweli, hana maneno mengi. "Wanasafisha. Vifurushi vya zamani vyenye mlezi mmoja vinatoka mwisho wa Juni. Falke ya Pili imo kwenye orodha."

Onno aliweka birika chini polepole. "Na mimi?"

Ofisi ya wilaya haikuwa na mchezo. Mashine inayounganishwa nao lazima kila kilichomo kiwe kinapata viraka vya usalama kutoka kwa wenyewe, na mkaguzi wao aliipima kila wiki kwa mbali. Siku Heide ikiiacha Falke ya Pili, mashine ya Onno ingezuiwa mlangoni. Na kiti chake kilishasemwa: Onno akitoka, hakijazwi tena, kinafutwa. Wakubwa walikuwa wameshaonja programu zinazoandika zenyewe.

"Wewe kunywa chai," akasema Folkert. "Kuna kanuni. Kifurushi kikionekana kwenye mashine mia moja au zaidi, mkutano wa Machi unaweza kukibakiza. Mia moja! Mimi kwa mkono wangu nimewawekea watu mia na themanini."

Na ni kweli. Menno alikuwa ameanzisha chama cha vipofu wanaotumia programu yake, na Menno alipokufa Folkert ndiye aliyezunguka. Norden, Papenburg, Wittmund, mpaka Bremen, jikoni kwa watu, na mfuko wake wa nyaya, mbwa wa kuongoza vipofu wanamnusa miguu. Anaweka Heide, anaweka Falke ya Pili, anageuza kichaguzi, anamwachia mtu kisomeo kinachozungumza na vidole vyake.

"Mia na themanini," akarudia Onno. "Lo. Sisi ni jeshi."

"Jeshi zima."

"Basi nikuongezee kikombe, bwana mkubwa, kabla hujaanza kutembea kifua mbele."

Walicheka wote wawili. Ninaandika hivyo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho ninayojua mimi.

Jumatatu, saa ya chakula, Folkert alikaa kwenye kibanda cha pampu na mkate wake wenye jibini na akafungua ukurasa wa hesabu wa Heide. Akatafuta Falke ya Pili. Mbele yake paliandikwa: mashine saba.

Akafuta miwani. Saba.

Mwanzoni alidhani hesabu imeharibika. Kisha akaelewa kwamba aliyeharibu alikuwa yeye.

Sikiliza. Unapoweka Heide kwenye mashine mpya, katikati ya maswali ya lugha na saa, inakuuliza: je, tuihesabu mashine hii? Ukikubali, kila wiki mashine inapeleka orodha ya vifurushi vyake, bila jina lako, na Heide inajua nini kinatumika. Zamani jibu lililowekwa tayari lilikuwa ndiyo. Miaka kumi na miwili iliyopita Folkert alisimama mkutanoni akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka. Leo wanahesabu vifurushi, alisema, kesho watahesabu nini? Huku kwetu watu wana historia na orodha, wapo waliochukuliwa kwa sababu tu jina lao lilikuwa limeandikwa. Wengine hata jina la kwenye kengele ya mlango hawaandiki. Walimpigia makofi. Jibu la kawaida likawa hapana, na Folkert akaandika kwa mkono wake ukurasa wa maelekezo unaoshauri kila mtu akatae.

Na yeye mwenyewe, jikoni kwa wale vipofu mia na themanini, swali lilipotokea, alibonyeza hapana. Hakuwasomea. Kwa nini awasumbue? Alibonyeza kama unavyofuta makombo mezani. Wengine aliwaambia baadaye kwa fahari: "Humu ndani hakuna atakayekujua." Wale saba, labda kidole chake kiliteleza.

Alimpigia Gesche hapohapo kibandani.

"Dada Gesche, namba ya Falke ya Pili si ya kweli."

"Shikamoo kwanza, mzee Folkert," akasema Gesche, kwa utani. Kisha akamsikiliza mpaka mwisho. "Nakuamini. Lakini kura itapigwa kwa namba."

"Nitawaambia wote wawashe. Wiki hii hii."

"Mashine inahesabika ikiwa imejitokeza kila wiki kwa nusu mwaka. Hesabu inafungwa mwisho wa Februari. Hazitafika."

"Nani kaweka upuuzi huo?"

"Tuliuweka sote, mzee. Ili watu wasikimbilie kuwasha siku ya mwisho kuokoa vitu vyao. Mkono wako ulikuwa juu. Kumbukumbu ninayo hapa."

Akakumbuka. Alikuwa ameunyoosha mkono huo kwa moyo mkunjufu kabisa.

Kwa majuma mawili alipiga simu, na orodha hakuwa nayo. Angekuwa nayo vipi? Alikuwa akichana kila karatasi yenye jina na anwani mara tu anapofika nyumbani, maana usichokihitaji usikiweke, hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Majina aliyachimba kichwani, namba akaomba kwa huyu na kwa yule. Aliyemkumbuka wa kwanza alikuwa Wübke Harberts wa Norden, mkandaji wa viungo, mwenye mdomo.

"Niwashe nini?" Wübke akauliza.

"Hesabu. Iko kwenye mipangilio, nitakuongoza."

"Folkert, wewe si ndiye uliyeniambia kuhesabiwa ni sumu? Nusu saa nzima ulinihubiria, supu yangu ikapoa. Leo unataka nikubali? Nani amekushika? Wamekuwekea bastola kisogoni?"

"Hakuna aliyenishika. Wataiondoa Falke ya Pili."

"Na hiyo Falke ni mdudu gani?"

Hakujua! Programu iliyomsomea barua na vitabu, na ujumbe wa mjukuu wake, na hajui inasimama juu ya nini. Folkert alimweleza, Wübke akawasha, akamtakia heri. Hadi Februari waliwasha arobaini na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyefikisha nusu mwaka. Ukurasa wa hesabu uliendelea kusema saba, na mwezi ule wa mwisho ukasema sita, kwa sababu mmoja wao alikuwa amefariki.

Mkutano ulifanyika Göttingen, kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, saladi ya viazi kwenye beseni na watu wamebeba kompyuta zilizobandikwa vibandiko mpaka pembeni. Folkert alipewa dakika kumi. Alizungumza vibaya. Mtu aliyezoea kuongea na pampu na mashine hajui kuwasihi watu. Aliwaeleza habari za Menno, akawaeleza habari za vipofu mia na themanini.

"Tutawathibitishaje hao?" akauliza mtu aliyekaa katikati, bila ubaya.

"Niliwawekea mwenyewe."

"Kuna orodha?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

Folkert aliangalia ukumbi. Nusu yao walikuwa pale miaka kumi na miwili iliyopita, wakimpigia makofi. Wengine waliinamisha macho. "Kwa sababu tulikubaliana tusiweke," akasema, na mtu mmoja akacheka kidogo kisha akajuta.

Mikono ilipanda. Ya kubakiza, kumi na mmoja. Ya kutoa, hamsini na miwili.

Gesche alikuja kukaa naye ngazini, na sahani mbili. Yake hakuigusa.

"Mzee, nikuulize kitu, usinikasirikie. Ukianguka kesho, nani ataziba matundu ya Falke ya Pili?"

"Nipo."

"Najua upo. Shida ndiyo hiyo, upo peke yako. Kitu chenye watu hao wote kimekaa juu ya mgongo mmoja, na mgongo una miaka hamsini na saba. Mimi siwezi kulala."

Binti alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko kura. Angekuwa mjinga au mkatili, Folkert angepata wa kumchukia.

"Nitakutafutia watu wawili," akasema Gesche. "Muihamishe programu ya Menno pamoja. Mwaka mmoja. Mwaka na nusu."

"Onno amebakiwa na miezi mitatu."

"Onno ni nani?"

Miaka kumi na sita, na hakuwahi kumtaja. Alikuwa akisema "watumiaji" tu, kwa wingi. Aliinuka akaenda kushika gari moshi.

Heide ina desturi yake: kifurushi kinatolewa na mlezi wake. Mwenye kukilea yupo, mkono wa mwingine haukigusi. Gesche aliandika akisema yeye atamfanyia, hakuna atakayesema neno. Folkert akakataa. Alifanya kazi hiyo Jumapili asubuhi, dirisha liko wazi, watu wanatoka kanisani. Alifuta Falke ya Pili kwenye toleo jipya, lile la mwisho wa Juni. Kisha akaingia kwenye kichaguzi na kuondoa mstari wake, ili kichaguzi kisielekeze penye shimo. Kikabaki na chaguo moja. Jamani, kichaguzi chenye chaguo moja! Akaandika kwenye kumbukumbu ya mabadiliko maneno matano tu, "Imeondolewa kwa uamuzi wa mkutano," akatia saini, akaketi akiangalia mikono yake.

Na Onno? Onno hakuambiwa. Hapa ndipo ninapomkasirikia Folkert, na nimemwambia usoni. Aliporudi kutoka Göttingen mdogo wake alimuuliza mkutano umekwendaje, naye akajibu, "Kama kawaida. Saladi ya viazi." Onno akasema, "Kwa hiyo jeshi limeshinda?" Naye akasema, "Mambo yanaenda." Machi ikapita, Aprili ikapita. Kila Jumamosi alishuka amedhamiria, akanywa vikombe vitatu, akapanda juu. Chini Onno alikuwa akiandika barua za watu kwa kasi yake ileile, anapiga mluzi.

Barua ya ofisi ya wilaya ilifika Mei, siku ya Jumamosi, kwenye bahasha. Unampelekea mtu kipofu barua ya karatasi! Lakini mambo mazito wao hawayaamini mpaka yawe na mhuri. Onno aliichukua sandukuni, akaipapasa, akaiweka karibu na birika.

"Nisomee, kaka. Nzito hii. Labda wananipa medali."

Folkert aliifungua. Macho yake yalikwenda mpaka chini kabla mdomo haujafunguka, na kwa sekunde moja mbaya alifikiri: naweza kusoma kitu kingine. Onno hatajua. Naweza kumsomea medali.

Akaisoma ilivyo. Kwamba kufuatia taarifa ya kusitishwa kwa kipengele fulani cha programu, mashine ya Bwana Ubben haitakidhi masharti kuanzia tarehe mosi Julai. Kwamba nafasi yake haitaendelea. Kwamba wanamshukuru kwa miaka ishirini na miwili.

"Walikosea neno moja," akasema Onno. "Kwenye sentensi ya pili. Mimi nisingeliachia." Kisha: "Ulijua?"

"Tangu Machi."

"Na aliyeitoa?"

"Mimi. Mlezi ndiye anayetoa."

Onno alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali. "Si mlikuwa mnataka mia moja? Sisi si mia na themanini?"

"Walihesabu saba."

"Saba? Wengine tulikuwa wapi?"

Folkert akamweleza. Hakujificha tena. Swali lile la wakati wa kuweka mashine, jibu lile, mkutano wa zamani, makofi. Alieleza kwa kirefu sana, na alipomaliza chai ilikuwa imepoa.

"Ilikuwa inauliza nini hasa?" Onno akauliza. "Nitajie maneno yenyewe."

"Je, tuihesabu mashine hii?"

"Na kwenye mashine yangu, ukajibu?"

"Hapana."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa..." Folkert aliangalia kiti cha mdogo wake. "Ulikuwa pembeni yangu. Kwenye kiti hichohicho."

"Nilikuwa nimelala?"

"La. Tulikuwa tunaongea."

"Tulikuwa tunaongea," akasema Onno. "Kwa hiyo mdomo nilikuwa nao."

Folkert alitaka kusema kwamba alifanya kwa ajili yake, kwamba alimlinda, kwamba miaka kumi na sita yote ilikuwa ni yeye. Akasema tu, "Nisamehe, mdogo wangu."

"Ningesema ndiyo." Onno hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Ungeniuliza, Folkert, ningesema ndiyo. Nihesabuni. Mara mbili mkitaka. Baba aliamua kwamba mimi ni wa burashi. Bima inaamua kifaa changu kizima. Wewe ukaamua sitaki kujulikana nipo. Na hakuna kati yenu mtu mbaya, ndiyo inayoniua. Wote mnanipenda."

Folkert alilia. Alijizuia kutoa sauti, lakini yule anayesikia sukari ikipasuka kikombeni atashindwaje kusikia mtu mzima akilia? Onno alisikia. Hakunyoosha mkono.

Badala yake aliinuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye simu, akabonyeza namba bila kusita, namba ya karakana ya Emden ambayo hakuwa ameipiga kwa miaka ishirini na miwili na bado vidole vilikuwa vinaijua. Ikaita. Mwanamke akapokea, nyuma yake Folkert alisikia mashine ya kukatia mbao.

"Ubben," akasema Onno. "Onno Ubben. Nilikuwa hapo zamani, benchi la dirishani." Akasikiliza. "Ndiyo, burashi za mikono na za mafagio, zote najua." Akasikiliza tena, mgongo umenyooka. "Miaka hamsini na mmoja. Ndiyo. Hapana, sina haja ya kuletwa na mtu, gari moshi nalijua. Kuanzia Julai, Jumatatu yoyote mtakayo."